Kurwa, Miaka Mitatu, Mwislamu

Karatu
3 Februari 2025

Dada Martha mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku wazima, ila goti la mama Valeriani linamsumbua kila akipanda kwenda kanisani. Vipi baridi ya Njombe? Na kifua chako? Juzi kwenye simu nilikusikia unakohoa, ukasema ni vumbi la mahindi. Mimi ni pacha wako, hunidanganyi. Kunywa dawa.

Mvua imetuchezea mwaka huu. Maharage yameungua, tunakula vitunguu vya Mang'ola kana kwamba ndiyo chakula chenyewe.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu. Parokia yetu ina jubilei mwezi wa nane, na mimi wamenipa ukatibu wa kamati ya historia, kwa kuwa mwalimu mstaafu hudhaniwa hana kazi. Padri anataka kujua zamani Wakristo walikuwa wangapi upande wetu. Nikamwambia sensa hizi za karibuni hazitatusaidia. Ile ya 2022 karani alikaa sebuleni kwangu saa nzima, akauliza choo, akauliza paa, akauliza mbuzi, dini hakuuliza. Ya mwisho kuuliza ni ya mwaka 1967, na vitabu vya serikali vinatoa jumla ya maeneo makubwa tu, kitongoji chetu hakimo.

Ndipo Neema, binti wa marehemu Mwalimu Felisiani, akaniambia baba yake alikuwa karani wa sensa mwaka huo. Fomu zenyewe zilikwenda serikalini, lakini alibaki na daftari lake la rafu, lilikuwa kwenye sanduku pamoja na vyeti vyake. Amenikabidhi.

Lina safu nne: jina, jinsi, umri, dini. Kati ya watu 214 aliowahesabu huku kwetu, Wakristo ni 66, Waislamu 11, na wote waliobaki, dada yangu, wameandikwa "hana dini". Bibi yetu naye yumo. Bibi, aliyekuwa hatii kitu mdomoni asubuhi kabla hajaligeukia jua na kumtaja Lo'a, Mungu wa sisi Wambulu, ameandikwa hana dini! Nilifunga daftari nikatoka nje kwanza.

Niliporudi nikaisoma kaya yetu yote. Nakunakilia kama ilivyo:

Yohani, me, 34, Mkristo.
Cresensia, ke, 27, Mkristo.
Leonce, me, 3, Mkristo.
Kurwa, ke, 3, Mwislamu.

Hakuna Martha. Nimetafuta mbele na nyuma, hakuna.

Huenda Mwalimu alichoka akakosea mstari. Lakini Neema ameliona na amekwisha kuniuliza, nami nikaona heri usikie kwangu.

Kaka yako,
Leonce


Njombe
19 Februari 2025

Kaka Leonce,

Milele amina. Msalimie mama Valeriani, mwambie ajikande goti na maji ya moto yenye chumvi, asiwasikilize wauza mafuta wa mnadani. Kifua changu kimepoa. Nilikunywa dawa, umeridhika?

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, nikacheka mpaka masista wakataka kujua kulikoni. Nikawaambia serikali ilinihesabu Mwislamu. Wakacheka nao. Nikawaeleza na hilo jina, kwamba watoto pacha huitwa Kurwa na Doto, kwa hiyo majirani watakuwa walituita hivyo, na Mwalimu Felisiani akaandika alilolisikia.

Halafu nikaenda bustanini kupalilia kabichi. Katikati ya tuta nikaweka jembe chini.

Leonce, kama mimi ni Kurwa, Doto ni wewe. Kwa nini wewe ameandika Leonce? Mwalimu Felisiani nilimjua. Alitufundisha darasa la tatu, alikuwa akituchapa kwa nukta iliyosahaulika. Mtu wa namna ile aandike watoto wawili wa tumbo moja, waliosimama mbele yake wamevaa kitambaa kimoja, huyu Mkristo na huyu Mwislamu, asishtuke, asifute?

Kuna jingine, sijawahi kukwambia. Nilipoomba kuingia utawani walitaka cheti cha ubatizo. Wewe umebatizwa 1964, mtoto mchanga. Mimi 1970. Nilimuuliza Baba, akasema nilikuwa mgonjwa mgonjwa. Miaka sita mgonjwa, na hakuna padri aliyenimwagia maji? Nilikuwa na haraka ya kuondoka nyumbani, nikaridhika.

Na watu walivyokuwa wakituambia hatufanani. Mama alikuwa akikasirika, unakumbuka? Alimfukuza yule mama wa Rhotia aliyesema mimi nina pua ya Kirangi, kama watu wa Kondoa.

Shangazi Dorkasi yu hai. Nenda kamuulize. Usinipigie simu, siwezi kusikia jambo hili huku masista wanapita koridoni. Niandikie.

Dada yako,
Martha


Karatu
14 Machi 2025

Dada Martha,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nimeianza barua hii mara tatu. Tafuta mahali ukae.

Nilikwenda kwa Shangazi Dorkasi Jumapili baada ya misa. Macho na masikio yake bado yanafanya kazi, miguu ndiyo imegoma. Nikamsomea mistari ile minne. Akasema, "Kumbe Felisiani aliandika kweli. Nilidhani alimwonea Yohani haya."

Nikamwambia, "Shangazi, nieleze."

Alinieleza. Mwaka 1964 kulikuwa na mfanyabiashara wa Kondoa, anaitwa Abdulwahabu, aliyekuwa akileta kanga, sukari na shanga, anauza Karatu na kupanda nazo hadi kwa Wamasai. Alikuwa na mke kijana, Zaituni. Walipanga chumba jirani na nyumba yetu ya zamani. Mvua za masika zilipofunga barabara Zaituni akashikwa na uchungu. Shangazi mwenyewe na Mama ndio waliomshika. Akazaa mtoto wa kike, kisha mwingine wa kike. Damu haikukatika. Alifariki kabla ya adhuhuri, akazikwa siku ile ile.

Mama alikuwa na mimi kifuani, nina wiki tatu. Shangazi anasema Abdulwahabu aliingia na watoto wawili ndani ya kanga moja, akasimama tu. Mama akanitoa ziwa la kulia akakuweka wewe. Lakini maziwa yalitosha watoto wawili, watatu hayakutosha. Wewe ulibaki. Doto aliondoka na baba yake.

Martha, sisi si pacha.

Abdulwahabu alimwomba Baba kitu kimoja: "Usimbadilishie dini mpaka nirudi." Baba akampa mkono. Mwaka 1967 Mwalimu Felisiani alipokuja na fomu, Shangazi alikuwepo anapepeta ulezi. Mwalimu akasema, "Yohani, mtoto anayekula kwenye nyumba ya Mkristo ni Mkristo. Naandika Mkristo." Baba akamzuia kalamu. Akasema, "Andika Mwislamu. Si wangu kumbadilisha, mimi nimewekewa." Mwalimu akamwambia watu watamcheka, mtu anayeenda kusali kila Jumapili kukaa na Mwislamu mdogo ndani. Baba akasema, "Na wacheke. Wewe andika."

Mwaka 1970 zikaja habari kwamba Abdulwahabu amefia Kondoa. Baba akangoja miezi mitatu, asije akatokea ndugu. Hakutokea mtu. Ndipo ukabatizwa Martha. Wakati wa vijiji, tulipohamishwa, majirani waliojua walitawanyika, na huko tulikohamia tulifika tukiwa pacha.

Kuhusu Doto, Shangazi hajui. Alichukuliwa, wakapotelea huko. Mtoto wa siku mbili, barabarani, mvua ile. Yaelekea hakuishi. Muombee.

Nisamehe kwa kukuletea haya.

Kaka yako,
Leonce


Njombe
22 Juni 2025

Leonce,

Najua umepiga simu. Najua umetuma ujumbe zaidi ya ishirini. Nilikuwa hai. Sikuweza.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa Mama Mkuu nikamwambia mimi ni mtoto wa Abdulwahabu na Zaituni. Alinisikiliza, akanishika mkono, akasema ubatizo wangu ni ubatizo na nadhiri zangu ni nadhiri. Miaka thelathini na sita ya utawa hakuna anayenidai maelezo. Nikamshukuru. Lakini, Leonce, hilo silo lililonilaza kitandani siku nne. Kuna mwanamke alikufa kwa ajili yangu, na mimi miaka sitini na moja sijamtaja katika sala hata mara moja. Marehemu wote nimewaombea, hata wa Ulaya nisiowajua. Yeye, hapana.

Hapa mjini kuna msikiti. Adhana nimeisikia kila siku tangu nifike, kama mtu anavyosikia magari. Sasa ikianza nasimama na jembe mkononi. Siombi, sifanyi lolote. Nasimama mpaka iishe. Masista wameanza kunitazama.

Na Baba. Usiku na mchana namwaza Baba akimzuia mwalimu kalamu. Nimelia kwa ajili yake kuliko siku tuliyomzika.

Nilipopata nguvu nikampigia Shangazi, mjukuu wake akamshikia simu. Nilitaka tu kujua kaburi la Zaituni liko wapi. Akanielekeza: nyuma ya lililokuwa ghala la pamba za magodoro, leo pana gereji. Kisha akasema, "Na mwenzako umemwona?"

Nikamuuliza mwenzangu nani.

Akasema, "Kwani Leonce hakukwambia ya Olbalbal? Nilimwambia siku ile alipokuja na daftari. Naye akasema anajua, Cresensia alimwambia kabla hajafa."

Simu iliniponyoka, Leonce. Kioo kimepasuka, mpaka leo inakata vidole.

Mama alifariki mwaka 2009. Hii ni miaka kumi na sita. Nimekuja likizo nyumbani kwako mara tano. Umenipeleka kwenye kaburi la Mama, tumesali pamoja, umeniita pacha. Na mwezi wa tatu mwaka huu, hata baada ya kunivunja, umeandika kwa mwandiko wako mzuri wa ubaoni, "Yaelekea hakuishi. Muombee."

Nakuuliza mara moja. Ulijua nini, na tangu lini? Usiniandikie habari za mvua.

Martha


Karatu
6 Julai 2025

Dada yangu,

Nilijua tangu tarehe 9 Mei 2009. Mama alikuwa hospitali, mama Valeriani amekwenda kuchota maji ya moto. Akanishika shati akasema, "Martha ana mwenzake Olbalbal. Abdulwahabu alimpa mke wa rafiki yake Mmasai, mtoto wake alikuwa amekufa. Mtafute, umwambie Martha." Nikasema ndiyo Mama. Siku mbili baadaye akafariki.

Sikumtafuta. Utauliza kwa nini. Nimejiambia mengi: utawa wako, umri wako, kwamba utaumia bure. Yote ni ya uongo. Mama hakujaliwa mtoto mwingine. Wewe ukiondolewa, mimi ni mtoto wa pekee. Tangu ninajua kutembea nimekuwa nusu ya watu wawili, na nikiwa na miaka arobaini na mitano nikaambiwa nusu yako ni ya mtu mwingine. Niliogopa, Martha. Kama mtoto anayeficha kitu cha mwenzake chini ya godoro.

Umesema niseme nilijua nini. Basi kuna kitu ambacho hata Shangazi hakijui. Mama Valeriani peke yake ndiye anayejua, naye tangu siku ile hajawahi kunitazama vilevile.

Mwaka 2016, siku ya mnada, saa nne asubuhi, mwanamke alisimama getini kwangu. Mmasai, shuka la zambarau, shanga mpaka kifuani. Mama Valeriani alikuwa anaanika mahindi. Nilitoka nikamwangalia. Ni wewe. Kipaji chako, kidevu chako, hata unavyosimama umeegemea mguu mmoja. Ni wewe aliyekaa juani miaka hamsini.

Akasema kwa Kiswahili cha kutafuta neno moja moja, "Mzee, shikamoo. Natafuta mtoto wa Abdulwahabu. Mswahili. Waliniambia aliachwa kwa Wambulu, nyumba ya Yohani. Nimeuliza kwenye maduka, wameniambia Yohani amekufa, mtoto wake ndiye huyu."

Nikamwambia, "Hapa hakuna mtoto wa Mwislamu. Sisi ni Wakristo."

Ndivyo nilivyosema. Baba alimzuia karani kalamu ili neno lile liandikwe, na mimi nikalitumia kumfungia mtu geti.

Akauliza tena, polepole, kama mtu anayedhani hajaeleweka. Nikarudia. Mama Valeriani akaleta maji, kikombe kinagonga sahani, kwa sababu naye ameuona uso. Mwanamke akanywa, akashukuru. Nikamuuliza jina. Akasema Nanyokie. Akashuka kuelekea mnadani.

Mama Valeriani akasema, "Mkimbilie." Sikukimbia.

Mwezi wa pili nilikuandikia kwa sababu daftari lilikuwa limeshaonekana, na Neema si mtu wa kunyamaza. Sikukuandikia kwa ujasiri. Na mwezi wa tatu, nilipofika kwenye mstari wa Doto, nilikuwa nimeandika Olbalbal. Nikaichana ile karatasi nikaandika ile uliyoisoma.

Sina cha kuongeza. Sikuombi kitu.

Leonce


Karatu
30 Agosti 2025

Dada Martha,

Sijui kama barua ya mwezi wa saba ilikufikia. Simu yako haipatikani. Nilipiga namba ya nyumba yenu, sista aliyepokea akasema umesafiri, hakusema wapi.

Jubilei imepita. Nilisoma historia mbele ya watu. Idadi ya Wakristo wa 1967 niliitaja: sitini na sita. Nilipotoa hesabu ile kanisa zima likapiga vigelegele, nami nikakaa chini kabla sijamaliza ukurasa. Watu wakadhani ni jua.

Daftari nimemrudishia Neema. Aliniambia kuna watu wengine wameanza kuja kuulizia mababu zao, na anafikiria kulificha, kwa kuwa baba yake hakupaswa kubaki nalo. Nikamwambia asilichome. Sikumwambia zaidi.

Nilikwenda kwenye ile gereji. Fundi aliniruhusu kupita nyuma. Kuna mabati, injini ya lori, na mchongoma mmoja. Hakuna alama yoyote. Nimezungushia mawe kadiri nilivyokisia.

Nijulishe tu kama u mzima.

Kaka yako, ukiniruhusu,
Leonce


Olbalbal
12 Oktoba 2025

Leonce,

Mimi ni mzima. Natumaini na nyumbani wazima, na goti la mama Valeriani limepata nafuu. Mwambie maji yake yalikumbukwa. Utaelewa mbele.

Barua yako ya Julai niliipata. Niliisoma mara moja nikaipeleka kwa Mama Mkuu, nikamwambia asome mwenyewe. Akanipa ruhusa ya miezi mitatu. Nikapanda basi. Nilipita Karatu mchana, niliona paa lako la bluu, nikageuzia uso upande wa pili mpaka tukafika geti la Ngorongoro. Sitakudanganya kuhusu hilo.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimempata katekista mmoja wa Endulen kwenye simu ya Mama Mkuu. Nikamwambia natafuta mwanamke wa Olbalbal aliyeletwa mchanga na Mswahili mwenye duka la mgongoni. Nilidhani nitaambiwa ningoje mwaka. Siku tatu baadaye ikapigwa simu na mtu mzima, sauti nzito: "Naitwa Lekishon. Unayemtafuta ni mama yangu. Tumekuwa tukikungoja."

Alinipokea Endulen na pikipiki. Mtawa wa miaka sitini na moja kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Huku chini hakuna jani. Ng'ombe wamepelekwa mbali kutafuta maji, bomani wamebaki wazee, akina mama na ndama. Alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake. Lekishon akamwambia kwa Kimasai, maneno machache tu. Akasimama.

Nilisimama hatua tano mbele yake nikangoja aniangalie. Nilikuwa nimeona uso wangu, Leonce. Ulivyosema ni kweli, nusura nipige kelele. Nikangoja. Akanyoosha mikono, akaipeleka kushoto, mahali ambapo sikuwepo.

Haoni.

Lekishon akamshika viganja akavileta usoni kwangu. Akanipapasa kipaji, pua, midomo. Nikavua kitambaa cha kichwani. Akanishika nywele, akashika masikio, akasema kitu, Lekishon akanitafsiria: "Masikio yako hawakuyatoboa." Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na mimi sijui nililia kwa lugha gani. Watu wa boma walitoka wote wakasimama mbali.

Nimekuwa naye wiki sita. Kiswahili chake kinatosha kwa ya mchana, na Lekishon hutusaidia kwa mazito. Mama aliyemlea alikufa mwaka 2003. Nikwambie kitu kimoja juu ya mama huyo. Hapa mtoto akiumwa, au mzazi akijifungua, hunyweshwa damu ya ng'ombe. Nanyokie hakunyweshwa hata siku moja. Wenzake walimcheka. Alipokua akamuuliza mama yake, akaambiwa, "Yule Mswahili aliniomba usinywe damu, mpaka arudi. Hakurudi, basi sikujua nikuruhusu lini." Mmasai wa Olbalbal, asiyejua Uislamu ni nini, ambaye karani yeyote wa mwaka ule angemwandika hana dini. Nilipolisikia nilitoka nje nikaenda kukaa na ndama. Sijui kwa nini.

Siku hizi Jumapili Nanyokie huenda na Walutheri kwa sababu ya kuimba, na asubuhi humwaga maziwa kidogo chini na kumwita Enkai, Mungu wa Wamasai. Nimemwambia baba yetu na mama yetu walikuwa Waislamu. Akauliza Waislamu humwombeaje marehemu. Sikujua. Tukamsimamisha dereva mmoja, Sulemani, anayeleta bidhaa Endulen, akatufundisha maneno machache. Tumemwombea Zaituni, mimi nimeshika rozari, yeye ameshika fimbo yake.

Sasa ya geti lako. Sikumwambia mimi. Yeye ndiye aliyeniambia, akijua vizuri mimi ni nani kwako.

Mwaka ule macho yalikuwa yameanza kumuuma, kope zimegeukia ndani, zinakwaruza. Alishuka Karatu kutafuta dawa, na daktari akamwambia macho haya yatazima. Akatoka pale akaamua asirudi nyumbani bila kuniona. Ndiyo maana aliuliza maduka yote mpaka akafika kwako. Anasema alijua unadanganya, kwa kuwa mkeo alipoleta maji kikombe kilikuwa kinagonga sahani. Alijua, akaondoka. Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele. Akasema, "Nilidhani ni wewe uliyemwambia aseme hivyo. Nilidhani umekuwa mtu mkubwa, hutaki Mmasai."

Miaka mitatu alikaa na hilo akiwa anaona, na sita akiwa gizani.

Alikuja kunitazama wakati bado ana macho, Leonce. Hilo tu alitaka. Na mimi mwaka huo huo, mwezi wa kumi na mbili, nilikuwa nyumbani kwako likizo, nimekaa kwenye kibaraza chako, nakula miwa.

Nimekukasirikia mpaka nikaogopa kupokea komunyo. Sitasema yamekwisha, kwa sababu hayajakwisha. Lakini jana, tukichambua mboga, aliniuliza, "Yule mzee wa getini ndiye uliyenyonya naye pamoja?"

Nikasema ndiye.

Akasema, "Mlete."

Nikamuuliza unamtakia nini. Akaendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Nataka nimshike uso." Sikumuuliza atamshikia nini.

Alhamisi ya tarehe 23 Lekishon atakuwa Endulen tangu asubuhi, karibu na maduka. Utamtambua, ana kidevu changu. Njoo bila mwanao Valeriani wala mama yake, na usibebe mchele wala mablanketi, hatukuiti kwa hayo. Nanyokie anaelewa Kiswahili ukisema polepole. Mimi nitakuwepo, nitakaa karibu, lakini sitakusemea na sitakutafsiria. Utamwambia mwenyewe ulichomwambia siku ile, na kwa nini.

Huku kuna upepo wa vumbi, funika kifua.

Dada yako,
Martha